Kabla ya Hapo

Mimi ni fundi cherehani, soko la Kadutu,
kibanda cha tatu ukiwapita wauza sambaza.
Hospitali sikwenda kwa hiari.
Niliitwa kama shahidi.

Daktari Cirimwami hakumuuliza Nsimire neno.
"Akianguka, yeye hayupo," alisema.
"Wewe ulikuwepo."

Nikaanza: alianguka, macho yakageuka, povu...
"Kabla ya hapo."
Alipiga ukelele, watu wote...
"Kabla ya hapo, mama."

Kabla! Nani hutazama kabla?
Mtu hugeuza shingo kishindo kikishalia.
Nami nilikuwa na mengine ya kutua:
kwamba nilikimbia;
kwamba wateja walikusanya vitenge visivyokatwa
wakisema mate yake yanaambukiza;
kwamba nilirudi na kijiko cha sombe
nikakisokomeza kati ya meno yake,
na kipande cha jino kilichoruka
nimekiweka kwenye kopo la vifungo, sijui kwa nini.

Hayo pia aliyasikiliza. Hakunigombeza.
Alichukua kalamu, akailaza ubavu mezani.
"Mlaze hivi. Chini ya kichwa, kitambaa.
Mdomoni usitie kitu. Hata maji, hata maji ya maombi.
Kisha tazama saa. Zikipita dakika tano, mleteni mbio."

Sina saa, nikamwambia.
Nikafumba macho, nikarudi kibandani:
mvua ya saa nane, matope yakishuka ngazi kabla ya watu,
Nsimire anashona ukosi wa shati la shule,
mguu kwenye kanyagio.

Na nikakiona.

"Kidole gumba," nikasema. "Cha kulia.
Kilikuwa kinarukaruka peke yake
kama kuku aliyefungwa miguu.
Alikitazama, akacheka: Dada, leo kinanishonea chenyewe.
Ndipo mdomo ukaenda upande. Ndipo ukelele."

Daktari aliinuka.
Akagusa kichwa cha Nsimire, kushoto, juu ya sikio,
kwa ncha ya kidole tu,
jinsi ninavyopapasa gauni nikitafuta pini niliyoisahau.
"Inaanzia hapa. Kuna kovu dogo, nadhani la zamani.
Haianzii kwa jirani, wala kwa shangazi wa Walungu."
Mama yake, aliyekwisha kuuza mbuzi wawili
kwa sababu ya shangazi huyo,
akatazama sakafu.

Walimvika kofia ya nyaya. Umeme ukakatika.
Ukarudi. Ukakatika.
Tulikaa gizani wote wanne kama abiria.
Mwishowe karatasi ikatoka, mistari mingi iliyonyooka,
na mahali pamoja mshono umechachamaa.

Vidonge kila jioni. "Hata ukipona," alisema.
"Hasa ukijiona umepona."

Kisha akanigeukia. "Na wewe?"
Mimi mzima.
"Tangu umekaa unakung'uta mkono."
Akakishika kifundo changu, akakigonga kwa kinyundo cha mpira,
na radi ikakimbia hadi kidole cha kati.
Nilipiga kelele. Nsimire akacheka,
mara ya kwanza tangu asubuhi, pengo lake wazi.
"Ilianzaje?"
Usiku, nikasema, ganzi, mkasi unaniponyoka...

"Kabla ya hapo."

Kabla ya hapo, daktari, kulikuwa na miaka kumi na tisa ya mkasi,
sare za shule, suruali za harusi,
na hakuna aliyeniuliza.

Sasa nalala na kibao kimefungwa kwenye kifundo.
Nsimire anakaa upande wa ukuta, mbali na mbabula.
Tangu Pasaka ameanguka mara mbili,
mara moja vidonge vilipokosekana mjini wiki tatu.
Nilimlaza ubavu. Sikukimbia.
Mikono ilitetemeka, yangu, si yake tu.
Mteja mmoja amerudi, wa ukosi. Wengine hapana.

Nimenunua saa, nimeitundika juu ya cherehani yake.
Inatangulia dakika kumi, fundi ameshindwa nayo.
Haidhuru.
Dakika zake zenyewe zina urefu wa kawaida.